Shajara ya mradi: kanga, pishi na masimulizi ya Pujini katika somo la Historia

Mradi huu unaandaa masanduku ya vielelezo vya utamaduni kwa ajili ya somo la Historia, Kidato cha Kwanza na cha Pili, katika skuli za Pemba. Kila sanduku lina vitu vya kushika mkononi, kadi za maswali na karatasi ya mwalimu. Msimamo uliotuongoza tangu mwanzo ni kwamba kanga, ngano, mchezo au kipimo cha zamani kisiingie darasani kuchangamsha kipindi tu. Kiingie kama shahidi: kiulizwe, kiaminiwe kwa kiasi chake, na kitafutiwe shahidi wa pili mwenye tarehe. Tunaandika hapa hatua kwa hatua ili mwalimu wa skuli nyengine aweze kuunda sanduku lake bila ya kutusubiri sisi.

Januari: kuchagua vitu

Orodha ya kwanza huwa ndefu kupita kiasi, maana kila mwalimu ana kitu anachokipenda. Tumeipunguza kwa masharti matatu. Kitu kipatikane ndani ya shehia, yaani eneo linaloongozwa na sheha, au kwa safari ya daladala moja. Kiwe na tukio lenye mwaka unaojulikana linaloweza kusimama karibu nacho. Na kiwe na jambo la kubishaniwa, kwa sababu kielelezo kisichozua swali hutazamwa kwa dakika mbili kikaachwa.

Vimebaki vinne: kanga, pishi ya karafuu (kipimo cha ujazo), masimulizi ya Mkama Ndume, mtawala wa zamani wa Pujini, na mchezo wa ng'ombe, yaani watu kucheza na ng'ombe dume uwanjani. Mambo ya unyago na ya kilinge tumeyaacha nje makusudi. Yana wenyewe, na mzazi akisikia kwamba skuli inayafunua mbele ya wavulana na wasichana pamoja atakuwa na haki ya kuja kulalamika.

Kadi ya maswali ni moja kwa vitu vyote. Ina maswali manne: Kinaonesha nini kwa macho? Kilikuwa mikononi mwa nani? Kinadai nini kuhusu zamani? Ni kitu gani chengine kinaweza kulithibitisha au kulikanusha dai hilo? Swali la nne ndilo wanafunzi hulikimbia, kwa hiyo tumelipa nusu ya nafasi ya kadi.

Februari: kamba ya miaka

Kabla ya kuleta kitu chochote, darasa linahitaji mahali pa kukipanga. Tumetumia kamba ya urefu wa mita 6 ukutani, kuanzia 1400 hadi 2000, sentimita 1 kwa mwaka 1. Mwanafunzi hutoa 1400 kwenye mwaka anaoutaka, na jibu ndiyo sentimita ya kupimia. Kuwasili kwa Vasco da Gama Malindi, 1498, ni sentimita ya 98. Kuanguka kwa Ngome ya Yesu ya Mombasa mikononi mwa Waomani, 1698, ni ya 298. Kimbunga cha 1872 ni ya 472, Zanzibar kuwa chini ya himaya ya Waingereza 1890 ni ya 490, Mapinduzi ya 1964 ni ya 564.

Kamba ya usumba hupendeza lakini hurefuka ikining'inizwa kadi nyingi, na unyevu wa masika huizidisha. Kamba ya pamba iliyosokotwa ni bora, na ipigwe msumari kila mita ili isilegee. Kadi zikiwa na upana wa sentimita 10 hupandana baada ya 1830, kwa sababu vitabu vimejaza matukio huko. Dawa ni kuzining'iniza kwa nyuzi za urefu tofauti: sentimita 10, 25 na 40, kwa zamu.

Wapo watakaotaka kubana upande wa zamani ili kamba iwe fupi. Isifanywe hivyo. Mita nne za mwanzo zikiwa karibu tupu, wanafunzi wenyewe huuliza watu wa Pemba walikuwa wakifanya nini miaka yote hiyo, na swali hilo ndilo linalofungua mlango wa magofu na masimulizi. Skuli yenye ukuta mrefu ianzie 1100, ipate nafasi ya maandishi ya msikiti wa Kizimkazi Dimbani, Unguja, yenye mwaka 500 Hijria.

Hapo hapo hufundishwa kugeuza Hijria kuwa Miladia: zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97, ongeza 622. Kwa Kizimkazi, 500 × 0.97 = 485, na 485 + 622 = 1107. Njia hii inaweza kukosea kwa mwaka mmoja hivi, jambo ambalo halidhuru kwenye kamba. Lakini kwa matukio ya karne ya 19 na 20 mwezi nao utazamwe, kwa sababu mwaka mmoja wa Hijria huangukia katika miaka miwili ya Miladia.

Machi: sanduku la kanga

Kwa darasa la wanafunzi 48 inatosha kuwa na vipande 8 vya kanga, kimoja kwa kundi la watu sita. Visiwe vipya vyote. Tunaomba angalau viwili vya miaka ya zamani, na vinarudi kwa mwenyewe vikiwa vimefuliwa na kukunjwa. Pamoja na kanga kuna mita 2 za kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kile kinachoitwa merikani, na kipande cha kaniki. Kaniki ikikosekana, kipande cha merikani kilichotiwa rangi ya buluu iliyokoza kinasaidia, ila mwalimu aseme wazi kwamba ni mfano.

Tatizo kubwa la kipindi hiki ni jina la kanga, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake. Mwanafunzi akilisoma tu, darasa zima linahamia kwenye mafumbo, nani anamsema nani, na dakika 40 zinakwisha kwa vicheko. Kwa hiyo kanga huletwa ikiwa imekunjwa: pindo la chini na sehemu ya jina vinaingia ndani, mji, yaani sehemu ya kati, na pindo la juu vinabaki nje. Dakika 10 za kwanza ni za kutazama kitambaa, rangi, uchapaji na kingo. Merikani na kaniki hufuata. Jina hufunuliwa mwisho, nalo huulizwa swali la kihistoria: kwa hati gani? Majina ya kanga za mwanzoni mwa karne ya 20 yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha herufi za Kirumi zikachukua nafasi, na mabadiliko hayo yana uhusiano na chuo cha Qur'ani, skuli na serikali ya kikoloni.

Mnyororo wa sababu na matokeo unaofundishwa kwa vitambaa hivi ni huu. Marekani ilitiliana mkataba wa biashara na Seyyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, mwaka 1833, na ubalozi wake mdogo ukafunguliwa Unguja 1837. Meli za Salem, Massachusetts, zikaleta kitambaa cha pamba, zikaondoka na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vikakata pamba, na vitambaa vya Uingereza na Bara Hindi vikajaza pengo. Mwanafunzi anayeshika merikani mkononi huelewa upesi namna vita vya mbali vinavyoweza kubadilisha kinachouzwa dukani Unguja.

Sehemu ya pili ni nzito zaidi. Merikani na kaniki vilikuwa mavazi ya watumwa na masikini. Amri ya tarehe 6 Aprili 1897 iliondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba, ingawa masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi 1909. Katika miaka hiyo wanawake walioachwa huru waliacha kaniki wakavaa kanga, na vazi likawa tangazo la hali mpya. Hapa kanga inasema jambo ambalo amri yenyewe haisemi: watu waliuchukuaje uhuru wao na kuuonesha njiani.

Kuna jambo moja mwalimu asilifanye kabisa: kuuliza darasani nani ana asili gani, au kuwatuma watoto nyumbani kuuliza kama babu zao walikuwa watumwa au wenye watumwa. Katika kijiji kidogo majibu hayo hayaishii kwenye daftari. Maswali yabaki kwenye kitambaa, sheria na mwaka.

Kosa jengine la kuangalia ni kuichukulia kanga ya juzi kuwa ushahidi wa 1897. Kanga iliyochapwa karibuni ni ushahidi wa wakati wake tu. Kwenye kamba inaning'inizwa mwaka wake wenyewe, hata kama mapambo yake yanafanana na ya zamani.

Aprili na Mei: kurekodi wazee

Masika yamefanya barabara za ndani kuwa ngumu, kwa hiyo kazi imebaki karibu na skuli. Utaratibu ni huu. Sheha anaarifiwa kwanza. Mwalimu anakwenda peke yake kuomba ruhusa, kisha wanafunzi watatu wanafuatana naye: mmoja wa kuuliza, mmoja wa kushika simu, mmoja wa kuandika. Zaidi ya watatu humfanya mzee azungumze kwa hadhira badala ya kujibu. Simu iwekwe juu ya mto au nguo iliyokunjwa, kiasi cha nusu mita kutoka mdomoni, upande usio na upepo, na iwekwe hali ya ndege. Nusu saa inatosha. Mwisho wa mazungumzo maelezo husomwa mbele yake, naye aseme lipi libaki na lipi lisitoke nje.

Wanafunzi wengi huuliza "mwaka gani?" na jibu linakuwa "zamani sana". Umri na miaka hupatikana kwa vigingi, yaani matukio yenye mwaka unaojulikana. Karatasi ya mwalimu ina mfano:

"Shikamoo bibi. Kanga hii uliivaa Mapinduzi yameshatokea au bado?"

"Marahaba mjukuu wangu. Bado. Nilikuwa sijaolewa."

"Chuoni ulikuwa umeshahitimu?"

"Nimeshahitimu, namsaidia mwalimu kusomesha wadogo."

Kwa maswali mawili wanafunzi wamepata kikomo cha juu, 1964, na kiasi cha umri. Kigingi chengine kizuri ni fedha. Rupia iliondolewa Zanzibar mwaka 1936 na shilingi ya Afrika Mashariki ikaingia. Simulizi linalotaja bei kwa rupia linaelekeza kabla ya hapo, lakini kwa tahadhari: maneno ya fedha hukaa midomoni baada ya sarafu yenyewe kutoweka. Ndiyo maana kila kigingi kinahitaji cha pili.

Wazee wawili wa hadithi moja warekodiwe mbalimbali, kila mmoja peke yake. Wakikaa pamoja, mkubwa husema na mdogo huitikia, na tofauti zilizo na faida hupotea. Swali la lazima kwa kila mmoja: "Haya uliyasikia kwa nani?"

Juni: pishi na karafuu

Sanduku hili ndilo rahisi kuliko yote na ndilo linalofanya hesabu iingie katika Historia. Lina kopo la kibaba, chombo cha pishi, mizani ya kilo 5, na ngoe ya kuvutia matawi. Vipimo: vibaba 2 ni kisaga 1, visaga 2 ni pishi 1. Frasila ilikuwa ratili 35, karibu kilo 16.

Usilete karafuu nyingi darasani. Ni mali, biashara yake ina sheria, na zikipungua gramu kadhaa kutakuwa na maneno. Konzi moja kwa ajili ya kunusa na kuchambua yatosha. Kwa kupimia tumia mchele au mchanga mkavu uliochujwa.

Zoezi lenyewe: kundi moja linajaza pishi kwa mfuto, yaani juu inasawazishwa kwa kijiti. Kundi la pili linajaza hadi inamwagika pembeni. Vyote vinapimwa kwenye mizani na tofauti inaandikwa ubaoni. Kisha swali: mchumaji aliyelipwa kwa pishi alitaka ipi, na mwenye shamba alitaka ipi? Hapo mahusiano ya kazi katika mashamba ya karafuu yanaonekana bila ya hotuba. Ongeza kwamba karafuu mbichi hupoteza kiasi cha theluthi mbili ya uzito zikikauka, na wanafunzi watahesabu wenyewe kilo ngapi za mtini zinafanya frasila moja ya jamvini. Jibu liwe karibu na kilo 48.

Mizani ya dukani iliyochoka hutoa tofauti kubwa kuliko ile inayotafutwa. Ijaribiwe kwanza kwa pakiti ya sukari ya kilo 1 iliyofungwa.

Shahidi wa pili wa sanduku hili ni kimbunga cha Aprili 1872. Kiliangusha mikarafuu ya Unguja kwa wingi mno, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo uzito wa zao ukahamia Pemba. Mwaka uliofuata, 1873, ukaja mkataba wa Seyyid Barghash, sultani wa Zanzibar, na Waingereza wa kuzuia biashara ya watumwa baharini. Kadi hizo mbili zinagusana kwenye kamba, na mwanafunzi anapaswa kueleza kwa maandishi: mashamba ya Pemba yalihitaji watu wengi zaidi wakati ule ule ambao njia ya kuwaleta ilifungwa. Nini kilitarajiwa kutokea?

Julai: Mkama Ndume na Pujini

Kazi hii imechukua muda kuliko zote na haijaisha. Masimulizi ya Mkama Ndume yanajulikana na karibu kila mtoto wa Chake Chake na vijiji vya jirani: mtawala mkali aliyewafanya watu wasogeze mawe ya ujenzi huku wakijikokota chini kwa makalio, mwenye wake wawili wasiotaka kuonana hata kisimani, mmoja akiteremka kwa ngazi na mwengine akiteka kwa ndoo na kamba. Magofu yake yapo Pujini, kusini mashariki ya Chake Chake. Ni boma la karne ya 15, na ni nadra kupata ngome ya zamani hizo katika mwambao wote wa Waswahili. Wanaakiolojia wamechimba huko, miongoni mwao Adria LaViolette.

Kipindi cha kwanza ni darasani, kwa masimulizi peke yake. Msimulizi aanze kwa "Paukwa!" darasa liitike "Pakawa!", na asikatizwe. Baada ya hapo daftari hugawanywa safu tatu: *Masimulizi yanasema*, *Ardhi inaonesha*, *Bado halijajibiwa*. Safu ya kwanza hujazwa siku hiyo. Ya pili hujazwa Pujini penyewe: tuta la udongo la kujikinga, mabaki ya kuta za mawe na chokaa, kisima, njia ya maji kuelekea kwenye mikoko, na chumba cha chini ya ardhi kilichokuwa na umbo la siwa kwenye lipu ya ukutani. Siwa ni baragumu la watawala. Siwa na ngoma za Mwinyi Mkuu wa Dunga, mtawala wa jadi wa Unguja, zilihifadhiwa kama alama za enzi yake, na picha ya siwa hiyo ndiyo tunayoiweka mbele ya wanafunzi kabla ya safari ili wajue wanachokitafuta.

Vifaa vya safari kwa wanafunzi 30: tepu mbili za mita 30, kamba yenye mafundo kila mita kwa kundi lisilo na tepu, mbao za kuandikia, maji lita 1 kwa kila mtu, na viatu vya kufunika vidole. Ruhusa iombwe Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale pamoja na kwa sheha. Hakuna kuokota kitu. Kigae kikiokotwa kutoka pale kilipo hupoteza nusu ya habari zake, na hili wanafunzi waambiwe kabla ya kupanda gari, maana wakifika kila mmoja anacho kigae mkononi.

Kosa linalojirudia katika madaftari ni kumweka Mkama Ndume wakati wa Wareno au wa masultani wa Albusaidi. Sababu yake inaeleweka: mtoto amezoea kwamba mkatili wa kitabuni hutoka ng'ambo. Kamba ndiyo inayosahihisha. Kadi ya Pujini inakaa ndani ya mita ya kwanza, kabla au karibu na 1498, na Albusaidi wako mita tatu na zaidi mbele. Mtawala mwenyeji, mwenye mawe na amri, katika karne ambayo vitabu huipitia kwa sentensi moja. Tunaliona hili kuwa pato kubwa la mradi mzima.

Kosa la upande wa pili ni mwalimu kusema kwamba masimulizi ni uongo kwa sababu ya yale ya makalio. Masimulizi yamehifadhi kumbukumbu ya kazi ya shuruti na ya mtu aliyeogopwa. Ardhi imehifadhi boma ambalo lisingejengwa bila ya nguvu kazi kubwa. Yanakutana hapo. Wake wawili na kisima vinabaki safu ya tatu, na visilazimishwe kutoka huko.

Agosti: mchezo wa ng'ombe

Huu ni mjadala wa kipindi kimoja. Dai linalosikika kote ni kwamba mchezo wa ng'ombe wa Pemba uliachwa na Wareno. Kundi la kwanza linatetea, la pili linapinga, na kila hoja inapelekwa kwenye kamba. Watetezi huja na hoja mbili: Wareno walikuwepo mwambao huu karne ya 16 na 17, na ng'ombe wa Pemba hauawi uwanjani, kama Ureno. Hoja ya pili inavunjika ikipimwa, kwa kuwa sheria ya Ureno ya kukataza kumuua ng'ombe uwanjani ni ya 1928, karne mbili na zaidi baada ya Wareno kuondoka. Hoja ya kwanza inaonesha uwezekano tu. Wapinzani nao wasiachwe walale: mchezo huu umefungamana na msimu wa kilimo na kuomba mvua, lakini hilo peke yake halithibitishi kwamba ulianzia hapa. Alama hutolewa kwa hoja zilizopimwa, si kwa upande ulioshinda.

Septemba: lugha na mtihani

Mzee amezungumza Kipemba, daftari limeandikwa Kiswahili, mtihani wa sekondari unakuja kwa Kiingereza. Wanafunzi wakitafsiri papo hapo hupoteza maelezo madogo yenye thamani, wakibaki na sentensi kavu za kitabu. Utaratibu unaofanya kazi ni kuacha kila kitu kwa Kiswahili hadi safu tatu zijae, kisha kuchagua hoja tano, na hizo tano ndizo zitafsiriwe kwa aya moja. Kwa kila sanduku tumeandaa msamiati usiozidi maneno 15.

Yaliyobaki: karatasi ya mwalimu ya Pujini inahitaji mchoro wa vipimo unaolingana na tepu za makundi yote, maana kwa sasa makundi yameanzia pembe tofauti za boma. Kigingi cha rangi kitawekwa kwenye pembe moja ya kuanzia kabla ya safari ijayo. Sanduku la kanga linahitaji kipande cha kaniki halisi, na sanduku la pishi linahitaji mizani nyengine.